Maneno Niliyomwibia Dada

Mwaka niliorudi kutoka chuoni Kampala, dada yangu aliacha kusema watu ovyo, na nyumba nzima ilimshukuru Mungu isipokuwa mimi.

Dada alinizidi miaka sita. Tulizaliwa wasichana wawili tu, katika nyumba ya mawe mjini Unguja, kwenye uchochoro mwembamba ambao mtu wa dirisha la ng'ambo akipiga chafya unamwombea rehema bila kupaza sauti. Jiko letu lilikuwa ghorofa ya kwanza. Wachuuzi walisimama chini, dada akateremsha kikapu kwa kamba, wao wakatia samaki au mboga au maziwa, naye akavuta juu, akatazama, akainama dirishani, akaanza. Watu walikuwa wakipunguza mwendo wakipita pale kusudi wamsikie. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Posa tatu zilikuwa zimeshakuja na kuondoka, na kila moja iliondoshwa na dirisha lile.

Mimi nilikuwa wa namna nyingine. Niliitwa mpole, lakini haukuwa upole. Kila neno kabla sijalitoa nililigeuza mara tano kichwani, na nikiligeuza mara ya tano mwenzangu ameshaondoka. Hata leo ni hivyo hivyo.

Nilipata kazi ya kufundisha katika shule ya wasichana. Mwalimu mkuu, mama wa Kiingereza mrefu aliyependa kila jambo liwe na ratiba, aliniita siku ya kwanza akanipa kitabu kidogo cha jalada jekundu. Ilikuwa komedi ya zamani ya kwao. Alitaka niigeuze Kiswahili, wasichana waicheze ukumbini mbele ya mama zao, wanawake peke yao, hata mlinzi wa lango akae nje ya ukuta.

Hadithi yenyewe si ngumu. Mzee ana mabinti wawili. Mdogo mpole, kila mwanamume anamtaka. Mkubwa ana ulimi mkali, hakuna anayemkaribia. Mzee kaapa kuwa mdogo hatoki ndani mpaka mkubwa apate mume. Mwishowe anapatikana mwanamume wa kumtia adabu yule mkubwa, na mchezo unafungwa kwa yeye kusimama mbele ya watu na kutoa maneno marefu ya utii kwa mumewe.

Nilikisoma kitabu kile mara mbili kitandani, na mara zote mbili nilisikia sauti ya dada kupitia ukutani akimsema paka.

Kazi ilinishinda palepale alipofungua mdomo yule mkubwa. Mdogo nilimuweza, nilimpa maneno yangu mwenyewe. Mkubwa kila nilipomwandikia tusi lilitoka kama hotuba ya Ijumaa. "Ewe mwanamume usiye na haya wala hadhari." Nani anasema hivyo? Nilichana karatasi siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nikiwa nanywa chai jikoni, muuza maziwa alipiga hodi chini. Dada akavuta kikapu, akatia kidole ndani ya mtungi, akakitazama kidole.

"We baba!"

"Naam, bibi."

"Haya maziwa umeyatia maji, au maji umeyatia maziwa? Nambie kweli tu, sikugombezi. Maana nlitaka kuyachemsha, sasa naona heri niyatawadhie."

Nilikwenda chumbani nikachukua daftari la jalada la kahawia, nikaandika neno kwa neno. Baada ya hapo nilihamia jikoni. Nilijifanya nasahihisha madaftari ya wanafunzi, na chini ya madaftari yale lilikuwapo jingine. Muuza mkaa, muuza samaki, mama, paka, mimi mwenyewe: kila aliyepigwa nilimwandika. Kwa wiki mbili yule binti wa komedi alisema Kiswahili ambacho sijapata kukiandika tena. Mwalimu mkuu alitafsiriwa kurasa za mwanzo na karani wa shule, akacheka mpaka akatoa leso.

Halafu dada akanyamaza.

Sababu ilikuwa mtu mmoja. Alikuwa karani katika shamba la serikali la mikarafuu huko Kizimbani, mjane, mwenye binti mdogo wa miaka mitano. Alikuja siku moja kumletea baba miche ya michungwa, akapotea uchochoroni, akawa anazunguka chini ya dirisha letu na miche mkononi. Dada alimwona anapita mara ya tatu.

"Bwana, unatafuta nyumba au unatafuta kivuli?"

Wanaume wengine wote wakisemwa kutoka dirisha lile waliinamisha kichwa wakaongeza mwendo. Huyu alisimama, akaangalia juu, akasema, "Nnatafuta nyumba yenye kivuli, bibi. Yenu inacho?"

Dada aliondoka dirishani bila kujibu. Nilikuwapo. Sikuwahi kumwona akiondoka dirishani bila kujibu.

Baada ya mwezi wanawake wa upande wa mwanamume yule walikuja kumtazama dada, kama ilivyo kawaida kabla wanaume hawajaleta barua ya posa: shangazi wawili na mama mtu. Mama mtu huyo alikuwa kibibi mdogo wa asili ya Fumba, buibui limemzidi urefu, macho yake hayatulii. Alimuuliza dada mambo mengi. Kukaa ndani hakukuchoshi, siku hizi hutoki? Hapana neno. Chakula cha shamba utakiweza? Hapana neno, bi mkubwa. Na mtoto wa mwenzio, utamlea? Hapana neno. Dada alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, mtu usimjue.

Walipoondoka alinivuta jikoni akafunga mlango.

"Nlisema kitu?"

"Hukusema kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Akavuta pumzi. "Sikiliza. Huyu namtaka. Wale watatu wa mwanzo niliwafukuza kwa kinywa changu na sijuti. Huyu namtaka. Naufunga mdomo mpaka nikae kwake, na huko n'taufungua kidogo kidogo, siku baada ya siku, hata asijue ulifunguka lini. Na wewe nisaidie. Ukiniona nataka kusema, nikanyage."

Nilimwahidi. Upande wa wanaume walisema wataleta barua baada ya mavuno ya karafuu kupungua kidogo, kwa hiyo dada alikuwa na kama miezi miwili ya kupita salama. Aliteremsha kikapu, akavuta kikapu. Muuza maziwa aliyazidisha maji mpaka chai yetu ikawa ya kijivu, na dada akainama dirishani akasema, "Hapana neno, baba." Watu wa mtaani walidhani anaumwa.

Na mimi nilikuwa nimefika nusu ya mchezo, na daftari limekauka.

Sipendi kuandika yanayofuata. Niliunguza wali kwa makusudi. Nilimwaga maji kwenye kanga zake alizozipiga pasi. Nilimuuliza swali lile lile mara sita, kama mtoto. Kila mara nilikaa na kalamu mfukoni nikimtazama mdomo. "Hapana neno," alisema, akaanika kanga upya. Siku ya wali alinitazama kidogo, nikadhani linakuja, nikaishika kalamu mfukoni, kisha akachukua sufuria akaanza kukwangua ukoko. Mimi niliyepewa kazi ya kumkanyaga mguu, ndiye niliyekuwa namchokoza.

Nilipoona hapatikani kitu kipya nilirudi kwenye vya zamani. Na cha zamani kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa kile cha mbuzi ya kukunia nazi.

Jirani yetu wa dirisha la ng'ambo, mwanamke wa umri wa mama, alikuwa na mazoea ya kuazima mbuzi yetu ya nazi. Siku moja, kabla sijaenda Kampala, aliirudisha chuma chake kimekatika meno. Jirani mwenyewe alikuwa amepungukiwa na meno mawili ya mbele. Dada aliikagua, akaitoa dirishani uchochoro mzima uione, akasema kwa sauti ya kuuza: "Mbuzi yangu imetoka hapa na meno yake yote. Kukaa kwako siku mbili tu, imerudi imefanana na wewe." Watu wa baraza za chini walianguka. Wale wanawake wawili hawakusemezana tena, na neno lile lilitembea mjini mpaka likarudi kwetu kutoka kwa watu tusiowajua. Dada ameniruhusu kuliandika hapa. Wakati ule sikumwomba ruhusa.

Nililitia katika sehemu ya tatu ya mchezo. Kwenye komedi kuna mzee tajiri anayemtaka mdogo, na dadake mkubwa anamkabili mlangoni. Nilimpa yule binti mbuzi ya nazi mkononi, nikabadilisha maneno mawili, kibogoyo akawa mzee mchumba badala ya jirani. Nikasema moyoni, sasa hakuna atakayelitambua. Kwa kichwa kinachowaza kila kitu mara tano, hilo niliwaza mara moja tu. Na nilijua kwa nini. Kila siku ya mazoezi, msichana aliyecheza mkubwa alipofika pale, wenzake walijishika mbavu, na walinitazama mimi.

Siku nne kabla ya onyesho, nilimkuta mama ukumbini nyumbani anaagana na mwanamke wa kualika. Mjini kwetu shughuli ya wanawake haialikwi kwa barua. Anatumwa mwanamke mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, anapewa majina, anakwenda mlango kwa mlango kusema fulani amekualika, siku fulani, saa fulani. Shule ilikuwa imemwachia kila mama ataje anaowataka.

"Umetaja nani?" nilimuuliza mama.

"Watu wetu tu. Majirani wote, nisije kusemwa. Na mama mtu wa Kizimbani. Waone kwetu kuna msomi."

Nilikaa kwenye ngazi. Niliwaza kulitoa neno la mbuzi. Lakini msichana ameshalikariri. Lakini anaweza kukariri jingine. Lakini mwalimu mkuu ameshapitisha. Lakini mwalimu mkuu hatajua. Niliwaza kumwambia dada asije. Nikawaza asipokuja mkwe atauliza yuko wapi. Niliwaza kujifanya mgonjwa. Kwa siku nne nilikwenda na kurudi katika mambo hayo, na siku ya onyesho ilipofika neno la mbuzi lilikuwa bado mahali pake, kwa sababu lilikuwa linachekesha, na lilikuwa, kwa namna fulani, langu.

Ukumbi ulijaa kabla ya alasiri kwisha. Mabuibui yalivuliwa yakakunjwa mapajani, asmini na udi vikajaa mpaka msichana mmoja akapiga chafya nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa mashuka manne yaliyoshonwa pamoja, na nilisimama nyuma yake kwenye tundu. Mstari wa mbele: mwalimu mkuu, mama, kibibi wa Fumba, dada. Dada alivaa kanga mpya na ukaya mweupe kichwani, mikono mapajani. Jirani wa ng'ambo alikuwa mstari wa nne.

Wasichana waliovaa kanzu na makoti ya baba zao walitoka wakasema yao. Kwa dakika chache watu walikaa kimya, kwa adabu ya shule. Kisha mkubwa akaingia, akafungua mdomo, na sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Ehee! Mwambie!"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Mimi nilikulia harusini kama wote waliokuwa mle. Nilijua kuwa mwimbaji akiimba mbele ya wanawake, hakuna anayesikiliza maneno yasiyo na mwenyewe. Kila mstari una mtu wake. Anayeuchukua anainuka, anakwenda kumtuza mwimbaji kwa mwendo wa taratibu, na anapotuza uso wake anauelekeza kwa yule anayetaka limpate. Ndivyo ugomvi wa mwaka mzima unavyosemwa bila mtu kumtaja mtu. Lakini kwa miaka minne nilikuwa nimekaa katika ukumbi wa chuo, gizani, kimya, nikifundishwa kuwa maneno ya jukwaani ni ya watu wa jukwaani. Nilirudi nikiamini hivyo. Nikawaletea wanawake wa mji wangu ukumbi mzima wa mafumbo, na mwenyewe nikamkalisha mstari wa mbele.

Neno la maziwa lilipotoka, kicheko kilikuja kikubwa, na ndani yake nikasikia, "Heee, lakini hili si la yule wa uchochoroni kwetu?" Vichwa vikaanza kugeuka. Kimoja, viwili, mstari mzima. Dada hakutikisika. Nilimwona mama akirekebisha ukaya wake ambao haukuwa na kasoro.

Nilimwita msichana kwa mkono kutoka pembeni, nilitaka aruke sehemu ya tatu. Alidhani namsifu. Alichukua mbuzi ya nazi, akainyanyua juu watu wote waione, akalisema neno lile kwa sauti ya kuuza.

Vichwa vikageukia mstari wa nne.

Kisha jirani akainuka. Hakuwa na haraka. Alitembea kati ya viti kama anavyotembea mtu harusini, bega hili, bega lile, noti mkononi juu ya kichwa, na wanawake wakampisha kwa vigelegele kwa sababu mazoea yao hayakujua jingine. Alifika jukwaani, akamtia noti yule msichana kiganjani, kisha akageuka, mgongo kwa jukwaa, uso kwa mstari wa mbele.

"Asante, mwalimu," alisema, ingawa alikuwa hanioni. "Miye nlidhani meno yangu yameshasahauliwa. Kumbe yametiwa kitabuni!" Kicheko. "Na mwenye maneno yake yupo hapa, kajikunja kama mwari. Inuka basi, bibi arusi. Wakwe wamekuja, watolee ulimi wauone urefu wake, wasije wakasema walidanganywa."

Kibibi wa Fumba aligeuza kichwa polepole akamtazama dada. Nilimwona wazi. Dada alikuwa anaangalia mikono yake. Midomo ameibana mpaka imepauka. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu, nikisema nyamaza dada, nyamaza, bado kidogo tu.

Na angenyamaza. Mpaka leo naamini angenyamaza. Lakini jirani hakutosheka.

"Na huyo msomi wao," akasema, "kapandishwa meli, kapandishwa gari moshi, kaenda Kampala miaka minne, karudi na nini? Karudi na kazi ya kuchungulia jiko la kwao! Hana la kwake hata moja kichwani!"

Mama alijifunika uso. Na dada akainuka.

"Bibi weye. Hebu kaa kitako."

Hakupiga kelele. Aliisema kama anavyosema mtu aliyevua kiatu kilichombana siku nzima.

"Mimi niseme mpaka kesho, nshazoea. Mdogo wangu muache. Ana lake kichwani, tabu yake halimtoki. Meno yako mawili niliyataja mimi, si yeye. Na kama umekuja mpaka hapo mbele kwa sababu unataka nilitaje la tatu, usijisumbue kuimba, niambie tu lipi."

Sijapata kusikia ukumbi ukilia vile. Wanawake walipigana mabega, mmoja aliteleza kwenye kiti. Mwalimu mkuu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye maagizo ya nidhamu, alipiga makofi kwa furaha akidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Dada akakaa. Akarudisha mikono mapajani, lakini haikuwa mikono ile tena, na yeye alijua.

Mchezo uliendelea kwa sababu hakuna aliyeusimamisha. Mwishoni yule msichana alisimama akatoa maneno marefu ya utii, niliyoyatafsiri kwa uaminifu mkubwa, mume ni jua, mume ni paa, mke auweke mkono wake chini ya kiatu cha mumewe. Ukumbi uliokuwa ukijibu kila neno haukujibu hata moja. Mtu mmoja alisonya. Hakuna aliyetuza.

Kibibi wa Fumba aliaga kwa neno moja, "Asanteni," akavaa buibui lake refu akaondoka na wale shangazi wawili wa mwanawe.

Dada alitangulia nyumbani. Siku nane hakunisemesha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa. Aliniwekea sahani, aliniwekea chai, akapita. Kila Ijumaa kulikuwa na kikapu kidogo cha matunda kutoka Kizimbani. Ijumaa ile hakikuja. Mama alisema, "Basi," akaenda kulala mchana. Baba, ambaye mambo ya onyesho alikuwa ameyasikia msikitini kutoka kwa waume za waliokuwapo, alinitazama juu ya miwani yake kisha akaendelea na gazeti.

Nikapata wazo, na nililiona zuri. Nilisimama mlangoni mwa jiko siku ya saba na kitabu chekundu mkononi.

"Dada, mkwe akiuliza, sema maneno yote yamo kitabuni. Ya Wazungu. Mimi n'taonyesha kurasa. Yule bi mkubwa hasomi Kiingereza."

Dada alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Mbuzi iliendelea na sauti yake ile ya kukwaruza.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, hodi ilipigwa, na alikuwa ni kibibi mwenyewe, peke yake. Nilijaribu kulifasiri hilo nikashindwa. Posa ikivunjwa hutumwa mtu, mwenye posa haji. Ikithibitishwa huja wanaume. Mama mtu kuja peke yake, alasiri, bila kutuma habari, haikuwa katika kawaida yoyote niliyoijua. Mama alikuwa kwa jamaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanipita ukumbini akaenda moja kwa moja jikoni, akajikalia kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Dada alikuwa ameweka birika la kahawa kwenye jiko la mkaa. Mimi nilisimama ukutani na kitabu changu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," alisema kibibi. "Yale maneno ya mchezo ni ya nani?"

"Ya kitabu, bi mkubwa," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani sikuligeuza neno hata mara moja. "Haya hapa, yamo ndani humu, ukurasa wa..."

"Yangu," alisema dada.

Kibibi aliinua kidole kwangu, ninyamaze. "Yote?"

"Yote. Ila yale ya mwisho, ya kutia mkono chini ya kiatu cha mume. Yale ndiyo ya Wazungu. Hayo sikuyasema mie, bi mkubwa, na sijui kama n'tayaweza. Nakwambia sasa, usije ukasema ulidanganywa."

Sauti ilimkatika kidogo kwenye neno sasa. Nilijua ile ndoa ilikuwa inaondoka pale, kwa mguu wake mwenyewe, na sikuwa na cha kukanyaga.

 Kibibi alivuta ncha ya buibui lake, akaikunja, akaikunjua.

"Marehemu mkewe mwanangu," akasema, "alikuwa mtoto mzuri. Nnampenda mpaka leo. Ukimuuliza umeshiba, hapana neno. Umechoka, hapana neno. Tumbo lilimuuma mwezi mzima, nnamuuliza mimi, anamuuliza mumewe, hapana neno. Siku aliyosema linauma, daktari alitutazama tu." Akaiachia ncha ya buibui. "Nilipokuja hapa mara ya kwanza nikakuuliza mambo saba. Ukanijibu hapana neno mara saba. Nikarudi nikamwambia mwanangu, lo, tumempata yule yule."

Dada alikuwa ameinua uso.

"Mbona siku tisa basi, bi mkubwa?"

"Nlikuwa nnafikiri. Maana na mimi meno yangu mabaya." Akafungua mdomo, akaonyesha kwa kidole. "Yamebaki manne. N'takaa nyumba moja na wewe, nataka kujua mapema."

Dada alisogea, akainama, akautazama mdomo ule kwa makini kama anavyoutazama mtungi wa maziwa. Nilitamani kufumba macho.

"Mie naona matatu," alisema.

Kibibi alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na machozi yalipomtoka hakuyafuta. "Kama mwanangu alivyosema," alisema alipopata pumzi. "Alisema, mama, ukimpata anaongea, mpe salamu zangu, mwambie bado natafuta kivuli."

Dada aligeukia upande wa dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na sikuweza kujua kama ni kicheko. Kisha akageuka, na macho yake yakaniangukia mimi, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

"Na huyu naye," alimwambia kibibi, "mtazame. Kakikumbatia kitabu kama anakinyonyesha, na kahawa inamwagikia motoni mbele ya macho yake. Kampala walikufundisha kusoma tu? Kuona hawakukufundisha?"

Niliruka nikatoa birika. Nilijiunguza vidole viwili. Daftari la kahawia lilikuwa chumbani, hatua kumi, na sikwenda kulichukua. Nilimimina kahawa, nikampa bi mkubwa kikombe chake kwanza, kisha dada, na nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yao nikinyonya vidole, nikimsubiri aseme jingine.